Mtoto kazaliwa na jino: ling'olewe au liachwe?

Akizaliwa mtoto na jino, iwe Wete au Mkoani, minong'ono ya kigego, yaani mtoto wa mkosi, huanza kabla hata kitovu hakijadondoka. Tuyaache hayo. La kuamua ni ling'olewe au liachwe.

Mimi naegemea kuliacha. Mara nyingi ni jino la utoto lenyewe, la mbele chini, limewahi tu kutoka. Si la ziada. Ukiling'oa, pengo litakaa mpaka liote la ukubwani, kwenye miaka 6 au 7. Tabu ni ile ncha: ulimi ukisuguliwa kwa chini hufanya kidonda, mtoto akawa analia kila akishika ziwa. Daktari wa meno huweza kuisawazisha ikawa laini, na mama naye akapumua.

Kung'oa ni pale jino linapocheza sana. Mzizi wake haujakomaa, likichomoka mtoto anaweza kulivuta likaingia njia ya hewa. Lakini ulizeni kwanza kama kapigwa sindano ya vitamini K. Bila hiyo kwa kawaida husubiriwa mtoto afikishe siku 10 hivi, damu isije ikakataa kuganda. Na bibi asilifunge uzi nyumbani, tafadhali.