Bia Nyepesi za Cream Ale: Ununue Ipi Kwanza Ukiwa Marekani

Tuanze na jina, maana ndilo linalowapotosha wengi: ndani ya bia hii hamna krimu wala maziwa. Neno Cream linasifu ulaini wake mdomoni. Ilizaliwa Marekani karne ya 19, wateja walipoanza kukimbilia laga, yaani bia zinazochachuka kwenye baridi, za wahamiaji wa Kijerumani. Watengenezaji wa eili (ale), bia zinazochachuka kwenye joto zaidi, wakaendelea kutumia hamira yao ileile, ila wakailaza bia kwenye baridi kama laga. Shayiri wengi waliichanganya na mahindi, na hayo ndiyo yanayoifanya iwe nyepesi. Anayeijua busaa hatashangaa kukuta mahindi kwenye bia.

Nimezionja zote kwa namna moja: glasi iliyosuuzwa vizuri isibaki sabuni, bia imetoka kwenye friji na kukaa mezani dakika tano. Ikiwa ya baridi kali mno, ulimi hauambulii kitu.

Namba moja naipa Genesee Cream Ale ya Rochester, New York, inayotengenezwa tangu 1960, kilevi asilimia 5.1. Ukiimimina, povu jeupe linapanda haraka na kushuka haraka, likiacha bia ya rangi ya nyasi kavu. Inukie: ni hindi la kuchemsha lililotoka sufuriani na maganda yake. Halafu utamu kidogo, na inateleza kooni bila uchungu kukushika. Bei yake ni nafuu kuliko bia nyingi za viwanda vidogo, na kopo linailinda na mwanga. Alama 8 kati ya 10.

Sunlight ya kiwanda cha Sun King, Indianapolis, asilimia 5.3, inaifuata kwa karibu sana. Hii ni nzito zaidi mdomoni, na nyuma yake kuna ladha ya ganda la mkate wa boflo uliotoka tanuri sasa hivi. Ningekuwa mkazi wa Indiana ningeiweka juu. Nje ya huko kuipata ni kazi. Nayo 8.

Ya tatu ni Spotted Cow ya kiwanda cha New Glarus. Kopo haliiiti Cream Ale, lakini wanywaji wengi huihesabu humu. Ina ukungu kwa sababu haichujwi, na ina kaharufu ka matunda. Huuzwa Wisconsin tu, kwa hiyo ukipita huko beba. 7 na nusu.

Little Kings ya Cincinnati, ya tangu 1958, naipa 6 na nusu. Ni tamu kuliko zote nilizozitaja, na vichupa vyake vya mililita 207 vinamfaa asiyetaka nyingi. Chupa ni ya kijani, basi chukua iliyofungwa ndani ya boksi. Niliwahi kununua bia ya chupa ya kijani iliyopangwa dirishani mwa duka. Kufungua tu, harufu ya kicheche. Mwanga huharibu hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na kioo cha kijani hakiuzuii.

Kilkenny ya Ireland, ambayo nayo huitwa cream ale, usiichanganye na hizi: ile ni nyekundu, na ulaini wake unatokana na nitrojeni.

Kabla ya kulipa, geuza kopo usome tarehe chini. Mimi nikikuta bia imepitisha miezi minne tangu ifungwe, nairudisha rafuni.