Masomo sita ya sauti kuhusu Kupaa kwa Yesu: nampa mwalimu nyota nne

Masomo haya nilitumiwa na mama mkwe, miezi minne baada ya kumzika mume wangu. Sikuyataka. Sikukuu ya Kupaa kwangu ilikuwa ile Alhamisi, siku ya 40 ya Pasaka, ambayo viti vya kanisani hubaki wazi. Na habari ya mwingine tena anayeondoka sikuwa na nafasi nayo. Nikayawasha nikiwa nashona, ili mama akiniuliza nisimdanganye.

Somo la kwanza nililivumilia tu. La pili likanifanya nisimamishe cherehani. Mwalimu anasoma mwisho wa Luka 24, kisha anauliza: watu waliotoka kuagana na mpendwa wao wanarudije Yerusalemu wakiwa na furaha kuu? Mimi kutoka makaburini nilirudishwa nimeshikwa mikono. Anajibu taratibu. Yesu aliinua mikono akawabariki, na akiwa katika kuwabariki ndipo akachukuliwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliishusha.

Kisha anagusa Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kile kitabu cha Waprotestanti kinachofundisha imani kwa maswali na majibu, swali la 49: kwamba mwili wetu uko mbinguni ndani ya Kristo, nao ni dhamana kwamba atatuchukua na sisi. Hapo nililia. Kila aliyekuja kunifariji alisema roho ya marehemu iko kwa Mungu, nami nikaitikia amina, lakini nilichokuwa nakikosa ni mikono yake. Kumbe aliyeketi kuume kwa Baba ana mikono, ile ile aliyowaonyesha wanafunzi.

La tatu ni zuri pia: kuhani wa Agano la Kale husimama kila siku, huyu ameketi kwa sababu kazi ya sadaka imekwisha. Ila Stefano, yule aliyeuawa kwa mawe kwa ajili ya imani, alimwona amesimama! Mwalimu anataja maelezo mawili ya jambo hilo bila kulazimisha lolote, nikampenda kwa hilo.

La nne lirukeni. Ni ratiba ya siku za mwisho, na nyuma yake feni inavuma.

Nyota niliyoipunguza ni ya somo la tano. Anasema anayeamini kwamba Kristo anatawala hana sababu ya kulia msibani. Hapana, mwalimu. Anayetawala ndiye aliyelia alipokuwa anakwenda kaburini kwa Lazaro, na Waebrania 4 inasema kuhani wetu anachukuana nasi katika udhaifu wetu. Ukiwa na msiba mbichi, dakika zile zitakuumiza bure.

La sita, juu ya Warumi 8:34, ni fupi mno. Kwamba Yesu anatuombea ndilo neno nililolihitaji zile usiku ambazo sala yangu iliishia kwenye "Baba yetu", na yeye kalipitia kama anayewahi gari.

Juzi mama kaniuliza nimefika la ngapi. Nikamwambia, mama, nimerudi la pili.