Kadi ya keshibeki ilivyonikata karibu dola 50 kwa sababu ya ada ya mdogo wangu

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaotuma pesa nyumbani, naandika nikiwa bado na hasira na sitaki kusubiri zipoe. Kadi ya mkopo niliyokuwa naisifia kwa kila mtu kazini, ile ya keshibeki, yaani kurudishiwa asilimia 2 ya kila unachonunua, imenikata karibu dola 50 kwa sababu nilimlipia mdogo wangu ada ya shule. Jina la benki silitaji. Nimeshaambiwa na wenzangu kwamba benki nyingi hapa zina utaratibu huo huo, kwa hiyo ukiwa na kadi ya aina hiyo jihesabu umo.

Sikuichukua kwa kukurupuka. Nina daftari nililokuwa nalinganishia kadi nikitoka zamu ya usiku ya kutunza wazee, miguu kwenye beseni la maji ya moto, simu mkononi. Discover ilinivutia kwanza, kwa sababu hao ndio waliowazoesha Wamarekani kurudishiwa pesa tangu 1986, wakati huo wakiwa chini ya kampuni ya maduka ya Sears. Lakini asilimia 5 wanayorudisha inahamahama: miezi mitatu iko kwenye mafuta, mitatu mingine kwenye migahawa, na kila ikihama lazima uingie ukajisajili upya. Ukisahau unabaki na asilimia 1. Mtu anayelala mchana na kuamka saa kumi jioni hawezi kukumbuka mambo hayo, nikaipiga mstari.

American Express wana Blue Cash Preferred, asilimia 6 kwenye supamaketi, ila ada yake ni dola 95 kwa mwaka. Hapo nilikaa na kalamu. Ukilinganisha na kadi ya asilimia 2 isiyo na ada, faida unayoongeza ni asilimia 4, kwa hiyo lazima ununue vyakula vya kama dola 2,375 kwa mwaka ndipo hiyo 95 irudi. Ni kama dola 46 kwa wiki, na mimi natumia zaidi ya hizo. Tatizo ni kwamba nanunua Walmart, na kwao Walmart si supamaketi. Sembe, dagaa na mawese nachukua kwenye duka la Waafrika hapa Columbus, upande wa Morse Road, nalo kwenye mitambo ya kadi linasomeka kama duka la aina nyingine kabisa. Asilimia 6 hiyo ningeisikia kwa majirani tu. Kwa hiyo nikachagua asilimia 2 kwa kila kitu, bila ada, na kwa muda mrefu nilijiona nimepatia.

Mwanzoni mwa mwaka, shule zikikaribia kufunguliwa, mama akanipigia. Mdogo wangu yuko bweni, shule ya binafsi, na walitaka muhula ulipwe kabla hajaripoti. Mshahara wangu ulikuwa uingie baada ya siku nne. Nikafungua programu ya kutuma pesa, nikaona kwamba mbali na akaunti ya benki naweza kulipa kwa kadi ya mkopo. Nikapiga hesabu ya haraka: dola 600, asilimia 2, narudishiwa 12. Nikaona hata kutuma pesa nyumbani sasa kunanilipa! Nikabonyeza. Haikupita nusu saa mama akanitumia sauti kutoka Tanga: "Zimefika baba, Mungu akuzidishie, nimeshampigia mkuu wa shule." Nililala vizuri siku hiyo.

Taarifa ya mwezi ilipokuja nilikuwa chumba cha mapumziko kazini. Nikaipitia kwa kidole: mafuta, Walmart, simu, halafu mistari miwili ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu. Mmoja dola 30. Wa pili dola 6 na senti, riba. Keshibeki kwenye zile 600: sifuri.

Ndipo nikajifunza kwa maumivu. Benki haihesabu kutuma pesa kama manunuzi. Kwao ni sawa na kwenda kwenye mashine ukachomoa noti kwa kadi ya mkopo. Wanakata asilimia 5 papo hapo, kisha riba inaanza kutembea siku ile ile, na kwangu ilikuwa asilimia 29 na ushee kwa mwaka. Zile siku 21 au zaidi unazopewa kulipa manunuzi bila riba hapa hazipo. Nililipa deni lote kwa tarehe waliyoniwekea, sikubakiza hata senti, na mwezi uliofuata wakaja na riba nyingine ya dola 12 na ushee, ya zile siku kati ya taarifa na malipo. Nyumbani mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu na tunajua mlango wake, tunaupita mbali. Hii ilikuja imevaa nguo za zawadi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Mapumziko yangu ni dakika 15, na kumi ziliisha nikisikiliza muziki. Akapokea kijana, sauti ya mtu aliyechoka kabla hata sijaanza. Nikamweleza kwa adabu kabisa, nikamwambia hizi zilikuwa ada za shule, sikuchukua noti mahali popote, na wakati wa kulipa sikuona onyo lolote. Akanijibu: "Mkataba umesaini. Kutousoma si kosa letu." Nikamuuliza kama zile 30 zinaweza kurudishwa. Akasema haiwezekani, mfumo hauruhusu. Na kabla sijavuta pumzi akaanza kunisomea habari za kadi yao nyingine yenye keshibeki kubwa zaidi. Nilikata simu. Nikarudi kuwageuza wazee vitandani, mikono ikitetemeka. Dola 30 hapa ni karibu saa mbili za kazi yangu baada ya kodi, saa mbili za kubeba miili ya watu, na mtu ananiambia kwa sauti ya kusoma karatasi kwamba kosa ni langu.

Siku hiyo ningeulizwa, ningesema kadi zote za keshibeki ni wizi na zikatwe kwa mkasi. Lakini lazima niseme na haya mengine, kwa sababu ni kweli. Mwaka mzima kabla ya hapo kadi hiyo ilinirudishia kama dola 180, na matairi mawili ya gari yametoka humo. Sijawahi kulipa riba ya manunuzi hata mara moja. Kwa mafuta na chakula inafanya kile ilichoahidi. Kwa hiyo sijui. Kadi ni nzuri, au mimi ndiye nilikuwa na bahati hadi siku niliyoitumia kwa jambo lililo muhimu kwangu kuliko matairi.

Dada mmoja Mkenya tunayefanya naye zamu akaniambia nipige tena, nisitaje mkataba, niombe tu msamaha wa mara ya kwanza. Nikapiga. Safari hii alipokea mama mtu mzima. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mdogo wangu yuko kidato cha ngapi, akaniambia nisubiri kidogo. Dakika mbili: "Nimekurudishia 30 zote." Hivyo tu. Nikamwomba pia ashushe hadi sifuri kikomo cha kuchukua pesa taslimu kwenye kadi yangu, akakubali, kwa hiyo nikikosea tena muamala utakataa wenyewe. Jamani ombeni hilo hata leo, ni simu moja.

Nilishusha pumzi na kufurahi kwa wakati mmoja. Huyu mama ningempa nyota tano. Halafu nikiwa kwenye basi nikamkumbuka yule kijana na mfumo wake usioruhusu, hasira zikapanda upya, kubwa kuliko za mwanzo. Mfumo ule ule, benki ile ile, pesa zile zile. Wangapi walipokea jibu lake wakakaa kimya?

Kadi bado iko mfukoni, naijazia mafuta. Pesa za mama sasa zinatoka kwenye akaunti ya benki moja kwa moja. Na ile riba, 6 pamoja na 12, wamesema hairudi. Jumatatu nikiwa off nawapigia tena.