Probox niliyomnunulia mume wangu, sasa ina mwaka na miezi miwili barabarani

Niseme kwanza hii gari nimenunua kwa hela yangu, mimi nauza vitambaa vya mapazia Kariakoo, nimecheza kikoba miaka mitatu na mgao wa mwisho ulipotoka nikachanganya na akiba nikafikisha milioni 11 na laki 8. Kwahiyo haya ni maneno ya mtu aliyetoa mfukoni, hakuna yadi ya magari iliyonituma.

Mume wangu ni fundi umeme. Tunaishi Goba, kazi zake nyingi ziko Madale, Bunju na Mbweni huko, na miaka yote alikuwa anapanda bodaboda begi la vifaa mgongoni na ngazi ameibana begani, afu siku ya kupeleka mabomba na roli za nyaya anakodi kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mzigo, elfu 30 mpaka 40 kila tripu. Siku moja pale Tegeta Kibaoni ile ngazi ikanasa kwenye gari iliyokuwa inapita wakaanguka yeye na dereva wa boda, mkono wake wa kulia wote ulichubuka mpaka kiwiko, mwezi mzima namwogesha mimi. Toka siku hiyo nikajiapiza huyu mtu nitamnunulia gari.

Sasa kila niliyemshirikisha ana yake. Wifi yangu alitaka IST, jirani yangu wa duka akasema mama chukua Crown, mwanaume aonekane. Mimi nawaza ngazi inakaa wapi kwenye Crown? Kirikuu yenyewe niliifikiria sana kwa sababu ya mzigo, ila ina siti mbili, mimi na watoto wawili Jumapili tunapanda nini? Ndo nikaangukia Probox, na mpaka leo sijajuta hata siku moja.

Yangu ni ya 2008, cc 1500, namba D, yaani herufi za usajili zinaanza na D. Toyota walianza kuitoa hii gari 2002 na walivyoitengeneza huko Japani ni gari ya kazi kabisa, ya kubeba kilo 400, sio gari ya kifahari iliyogeuzwa. Injini ni 1NZ, ileile iliyopo kwenye IST old model ya 1.5 na Fielder, kwahiyo spea ukishuka tu Gerezani unazikuta za kila bei, mpya na used. Afu inatumia cheni sio belti, hakuna habari ya kuhesabu kilomita za kubadilisha taiming belti, wewe mwaga oili kwa wakati basi. Siti ya nyuma ukiilaza unapata sakafu ndefu karibu mita 1.8, ngazi yake ya kukunja inaingia na mlango unafunga. Mabomba marefu anafunga juu kwenye keria.

Kitu alichokipenda kuliko vyote mimi hata sikukiona siku ya kununua. Katikati ya dashibodi chini ya redio kuna kimeza unakivuta kinatoka, kinakaa daftari vizuri. Yeye anaandikia hesabu za mteja pale pale saiti, zamani alikuwa anaandika kwenye paja na karatasi inachafuka na jasho.

Nikija kwenye kununua, hapa naomba msome taratibu. Ya kwanza niliyoionyeshwa ilikuwa inang'aa balaa, rangi mpya, mati mpya. Bahati nzuri nilienda na fundi wetu wa gari, nilimlipa elfu 50, akafunua mati ya nyuma akakuta matobo ya bolti kwenye sakafu na sehemu imechomelewa, akaninong'oneza dada hii ilikuwa mchomoko, gari ya kubebea abiria, walifunga siti za ziada kwenye buti wakapakia watu kama mihogo, shokapu na bushi zote za nyuma hoi. Tukaondoka. Hiyo elfu 50 iliniokoa mamilioni, jamani msiende wenyewe yadi.

Ya pili ndo hii. Kabla sijalipa niliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki nikakuta inadaiwa faini nne za elfu 30, na deni la paking la TARURA juu. Nikawaambia yadi wakate kwenye bei, wakakubali. Ila kwenye kadi ya umiliki wa gari walinisumbua sana na hili sitalisahau. Waliniahidi wiki moja kadi inatoka kwa jina la mume wangu, maana nilishatafuta namba yake ya TIN kwenye faili lake la leseni ya biashara kimyakimya, sikutaka iandikwe jina langu afu baadae nihamishe tena na kulipia upya. Zikapita wiki sita. Kumbe kadi ilikuwa bado kwa mtu wa tatu ambaye wao wenyewe walinunua kwake na hawakuwahi kuhamisha, wanamtafuta mkoani. Wiki sita nimelipa hela yote na gari bado kisheria ni ya mtu nisiyemjua. Ningerudia leo ningeshika milioni 2 mkononi mpaka kadi itoke, na ningelazimisha iandikwe kwenye mkataba kwa wakili.

Barabarani sasa. Mafuta mjini kwa foleni zetu anapata kama kilomita 12 kwa lita, safari ndefu 15 mpaka 16. Vilima vya Goba inapanda na mzigo bila kulalamika. Mpaka sasa imebadilishwa plagi, bushi za mbele na tairi mbili, zaidi ya hapo ni oili tu.

Ubaya wake upo na nauona kila siku. Ikiwa tupu inarusha, ile springi ya nyuma ni ngumu kwa ajili ya mzigo. Kelele za tairi zinaingia ndani mpaka mnaongea kwa kupaza sauti. Vioo vya hii yangu ni vya kuzungusha kwa mkono. Na siti ya nyuma ni nyembamba na imesimama wima, mama mkwe tulimpeleka Korogwe akashuka hawezi kunyoosha magoti, niliumia sana roho. Kingine bima, mkiikatia semeni ukweli kwamba inabeba vifaa vya kazi, msiandike matumizi binafsi mkaja kukwama siku ya ajali.

Siku ya kumkabidhi ilikuwa tunatimiza miaka kumi ya ndoa. Niliiacha kwa jirani. Mume wangu, baba Nasra, alivyorudi jioni na ngazi yake begani nikamwambia njoo uniangalizie taa ya huku uani kwa mama Juma imekufa. Akafika, nikampa ufunguo na kadi yenye jina lake. Hakuongea. Alisoma kadi mara mbili, akafungua mlango wa nyuma, akalaza siti, akachomoa futi mfukoni akaanza kupima sakafu, afu akapima na ngazi. Alivyomaliza akakaa pale kwenye buti akaniambia mama Nasra, inaingia.

Kirikuu hatujakodi tena. Jumamosi hii tunarudi Korogwe, safari hii mama atakaa mbele, mimi nyuma na watoto, na nimeshashona mto mnene wa sponji kwa ajili ya siti ile.