Kuipa nyumba ya kupanga Dodoma sura yako: nini ununue kwanza, nini uache dukani

Nyumba nyingi za kupanga Dodoma, kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Nzuguni na Iyumbu, zinafanana kwa ndani: kuta za krimu, vigae vyeupe, madirisha ya aluminiamu na taa moja nyeupe katikati ya dari. Mpangaji anaingiza kochi, runinga na kitanda, na mwaka unakatika sebule ikiwa bado ya mwenye nyumba. Vitu vya kuibadilisha si vingi, na vingi si vya ghali. Ila mji huu una watu wanne wa kuwauliza kabla ya kutoa hela: vumbi jekundu, jua, ukavu na mchwa. Mvua ni ya kati ya Desemba na Aprili tu; miezi iliyobaki upepo unapenyeza vumbi hata dirisha likiwa limefungwa. Kwa hiyo kila kitu hapa tumekipima kwa jinsi kitakavyoonekana mwezi Oktoba, kiangazi kikiwa kimekomaa.

1. Pazia

Hakuna ununuzi mwingine unaobadilisha chumba haraka hivi. Pazia linafunika eneo kubwa, linapunguza vumbi na jua, na ukihama unaondoka nalo.

Kitambaa kizuri kwa hapa ni cha uzito wa kati, mchanganyiko wa pamba na poliesta, kinachofulika kwa mkono na kukauka siku hiyo hiyo. Mahameli yanavutia yakiwa dukani, lakini manyoya yake hushika vumbi na yakilowa ni mzigo. Pamba tupu ni nzuri, ila ifue kabla ya kushona, kwa sababu husinyaa. Pazia lililogusa sakafu vizuri linaweza kupanda sentimita 5 au zaidi baada ya ufuaji wa kwanza. Rangi za udongo, kahawia, haradali na kijani kilichofifia zinavumilia vumbi. Jeupe litakuwa na madoa ya rangi ya chai ndani ya miezi miwili. Dirisha linalotazama magharibi hupigwa jua kali la alasiri, na hapo bluu iliyokolea na zambarau hupauka kwa mistari, hasa kwenye mikunjo. Dirisha hilo litilie bitana ya rangi nyepesi nyuma. Bitana ndiyo itakayoungua, na kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua pazia upya.

Nenda sokoni, iwe Majengo au Sabasaba, ukiwa na vipimo ulivyochukua kwa futi kamba. Makosa mengi huanzia kwenye kukisia. Tuchukue dirisha la upana wa mita 1.5. Bomba la pazia lizidi dirisha kwa sentimita 20 kila upande, liwe mita 1.9, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo. Kitambaa kiwe mara mbili ya bomba: mita 3.8, ongeza sentimita 20 za pindo, jumla mita 4. Ukinunua pungufu, pazia likifungwa linakuwa bapa kama shuka lililoanikwa. Vitambaa vingi vya pazia vina upana wa mita 2.8, na upana huo ndio unaogeuka kuwa urefu wa kwenda chini. Ikiwa bomba liko mita 2.25 kutoka sakafuni, utabakiwa na nusu mita hivi. Usimruhusu fundi cherehani aikate yote. Akunje sentimita 15 chini, kwa sababu nyumba utakayohamia inaweza kuwa na madirisha ya juu zaidi.

Ringi ziwe namba shufwa kwa kila kipande. Kitambaa cha dirisha letu hugawanywa vipande viwili; kwa kila kipande cha mita 1.9, ringi 12 zinatosha. Zikiwa 11, ncha moja itaangalia ukuta na nyingine itaangalia watu, na pazia halitakaa sawa hata ulirekebishe vipi.

Sasa bomba. Juu ya madirisha mengi kuna lenta ya zege, na drili ya kawaida hapo inachoma ncha bila kuingia. Mwambie fundi aje na drili yenye kupiga nyundo na ncha ya zege namba 8, pamoja na plagi za plastiki za namba hiyo hiyo. Pembeni ya lenta kuna tofali za saruji, na nyingine zina mchanga mwingi; tundu likipanuka kidogo plagi inacheza, na baada ya wiki kadhaa bomba zima liko chini. Tundu likishaharibika, lijaze kwa saruji, subiri siku mbili, toboa upya. Vijiti vya kiberiti vilivyosindikwa ndani havibebi pazia zito. Bomba linalozidi mita 2 liwekewe mshikio wa tatu katikati.

Pazia za mitumba zinastahili kuangaliwa, kwani nyingi huja zikiwa na bitana tayari. Zifungue zote na uzishike dhidi ya mwanga wa mlangoni: mistari iliyopauka na matundu madogo huonekana hapo tu. Nyingi zina tepu ya kulabu juu badala ya ringi. Fundi anaweza kuikata na kuweka ringi, lakini utapoteza kama sentimita 10 za urefu.

2. Rangi ya ukuta mmoja

Ingekuwa ya kwanza kama nyumba ni yako. Kwa mpangaji, anza na ruhusa ya mwenye nyumba kwa ujumbe wa maandishi, na ujue namba ya rangi iliyopo ili siku ya kuondoka uweze kuirudisha.

Chagua ukuta ulio nyuma ya kochi au kitanda. Rangi tunayoipendekeza kuliko zote kwa hapa ni ya udongo mwekundu, ile ya michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Haionyeshi vumbi, na inafanya chumba kifanane na nchi iliyo nje ya dirisha. Ukiona ni nzito mno, paka kuanzia sakafuni hadi mita 1 tu.

Hesabu: ukuta wa mita 4 kwa 2.8 ni mita za mraba 11.2. Mikono miwili ni 22.4. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo kopo la lita 4 linatosha na masalio ya kufuta mikwaruzo. Kabla ya yote, pitisha kiganja ukutani. Kikitoka cheupe, rangi ya zamani inamung'unyika na mpya itabanduka nayo kama ngozi. Piga msasa, futa kwa kitambaa chenye unyevu, paka praima kwanza. Paka asubuhi. Mchana wa Septemba ukuta ukiwa na joto, rangi hukauka kabla rola haijarudi, na mistari ya kuunganisha haifutiki. Rangi ikichanganywa dukani kwa mashine, nunua yote kwa mara moja. Kopo la pili la wiki ijayo linaweza kutofautiana kidogo, na jicho litaona.

3. Balbu na taa ya pembeni

Angalia herufi K kwenye boksi. 6500K ni nyeupe ya bluu, ndiyo iliyojaa madukani, na ndiyo inayofanya sebule ionekane kama zahanati. Tafuta 2700K au 3000K. Usichanganye mbili hizo na 6500K kwenye chumba kimoja. Kabla ya kulipa, hakikisha kama soketi yako ni ya pini au ya kuzungusha, na muuzaji aiwashe balbu mbele yako.

Taa moja ya LED ya wati 5 hadi 7 kwenye pembe, nyuma ya kochi, inafanya kazi kubwa kuliko taa ya dari ya mapambo. Ukitumia kikapu au kibuyu kilichotobolewa kama kifuniko, iwe LED pekee. Balbu ya zamani ya waya ina joto la kuunguza nyasi.

4. Vikapu, mikeka, vibuyu na vinyago

Hapa ndipo nyumba inapopata utu wake, na hapa ndipo watu hudanganywa zaidi.

Vikapu vya milulu kutoka Iringa vinapangwa ukutani vizuri vikiwa 3 au 5 vya ukubwa tofauti. Sugua kitambaa cheupe chenye maji kwenye sehemu iliyotiwa rangi. Ikitoka, itahamia ukutani. Usikigandamize kikapu ukutani moja kwa moja. Acha nafasi ya sentimita 1 au 2, na kila mwezi uangalie nyuma yake kama kuna njia za udongo za mchwa. Mchwa hula kikapu kwa nyuma, na mbele kikabaki kizuri hadi siku ukikigusa.

Mkeka wa ukindu uwe mpana angalau kama kochi, vinginevyo unaelea katikati ya vigae. Vuta ukili mmoja kwa vidole: nyuzi zikiachia dukani, nyumbani zitaachia zote. Ushonee ukingo wa kitenge wa sentimita 5. Kwa ukavu wetu ukindu hukatika ukikunjwa, kwa hiyo uviringishe, na mara moja moja unyunyizie maji kidogo na kuuanika kivulini. Unyanyue kila wiki. Vumbi hupita kwenye msuko na kukwaruza vigae chini.

Kibuyu kikavu ni chepesi, kinalia kikigongwa, na hakina harufu ya uchachu. Kizito kimevunwa mapema mno na kitaota ukungu. Wagogo wana vibuyu vya maziwa vya kila umbo, na kimoja kilichotumika, chenye weusi wa moshi, kina uzuri usiopatikana kwenye kipya kilichopakwa vanishi. Usikipake mafuta ya alizeti ya kupikia. Yanabaki yakinata na kukamata vumbi. Zeze au marimba ya Kigogo ukiitundika, iwe mbali na dirisha la magharibi, maana ngozi na mbao hupasuka zikikauka ghafla.

Kuhusu vinyago: mti mweupe uliopakwa kiwi huuzwa kama mpingo. Mpingo halisi ni mzito kiasi cha kuzama majini, na kitambaa chenye maji hakitoki nacho weusi. Kinyago kilichochongwa pwani kwenye unyevunyevu kinaweza kupasuka kikifika Dodoma. Kiache ndani ya boksi wiki mbili, mbali na jua, kikauke taratibu.

5. Kanga na picha

Doti moja inatosha: kanga moja ukutani, nyingine foronya za mito. Tengeneza fremu ya mbao ya sentimita 100 kwa 140, anza kupiga pini katikati ya kila upande kisha uelekee pembeni. Ukianzia pembeni kitambaa kitajikunja. Jina la kanga lisomwe kabla, kwa sababu wageni watalisoma.

Picha za familia zitume studio kama dokyumenti, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ambayo hupunguzwa ukubwa. Kwa sentimita 20 kwa 30, pikseli 2,400 kwa 3,600 zinatoa chapa safi. Tundika katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni.

6. Mimea

Katani pori na alovera. Maji kila wiki mbili au tatu, chungu chenye tundu, udongo sehemu 2, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Inakufa kwa kuoza mizizi, si kwa kiu. Futa majani kwa kitambaa chenye unyevu.

Vya kuacha

Zulia la manyoya marefu, kwa sababu vumbi likizama chini ya manyoya ufagio haulitoi. Maua ya plastiki, yanayopauka na kuvaa koti jekundu. Na mwisho kabisa, stika za sponji zenye sura ya tofali: kwenye ukuta wenye rangi inayomung'unyika hubanduka pembe kwanza, na kwenye ukuta mzuri zinaondoka na rangi ya mwenye nyumba. Kama tayari zipo ukutani, pasha kila kipande kwa draya ya nywele kwa dakika moja, vuta taratibu kuelekea chini, na gundi iliyobaki uisugue kwa kitambaa cha maji ya moto na sabuni kabla hujagusa brashi ya rangi.