Printa moja kwa nyumba nzima: chaguo zote, kuanzia bora hadi ya kuachana nayo

Ukitaka kujua kama printa ya nyumbani ilinunuliwa vizuri, subiri usikie mtu akipaza sauti kutoka chumba cha pili: "Nani kazima kompyuta? Nilikuwa naprinti!" Sauti hiyo ikisikika, ujue printa ni ya kompyuta moja, nyie wengine wote mnaazima.

Chaguo zilizo hapa chini nimezipanga kwa kipimo kimoja: printa ijitegemee kwenye mtandao. Isisubiri kompyuta ya mtu iwashwe, isidai draiva maalumu (programu ya kuiendesha) kwenye kila kifaa, na mwezi ujao ipatikane palepale ilipo leo. Kasi ya kurasa kwa dakika, ambayo wauzaji hupenda kuitanguliza, nimeiweka kando makusudi. Anayechapa kurasa nne za kazi ya shule hataiona tofauti kati ya printa ya kurasa 20 na ya 30 kwa dakika. Kitakachomuudhi ni printa kuambiwa haipatikani ilhali iko mbele ya macho yake na taa inawaka.

1. Printa yenye tundu la LAN (la waya wa mtandao), hata kama mnatumia simu tupu

Wengi wanadhani ili uprinti bila waya lazima printa nayo isiwe na waya. Sivyo. Simu na laptopu zinaongea na ruta kwa Wi-Fi, na ruta inaipelekea printa kazi kwa njia yoyote iliyounganishwa nayo. Printa haihami vyumba kama simu. Kama inaweza kukaa karibu na ruta, ichomeke waya wa mtandao na nusu ya matatizo ya uchapishaji wa nyumbani yatakuwa yamekwisha. Hakuna ishara dhaifu wala kugombania masafa na maikrowevu. Na siku mtakayobadilisha nenosiri la Wi-Fi kwa sababu majirani wamelijua, printa ya waya haitahitaji kuguswa hata kidogo, huku ile ya Wi-Fi ikibidi kufundishwa upya.

Kujua kama printa ina tundu hilo, anza na herufi zilizo mwishoni mwa jina la modeli. Kwa printa za Brother, D ni kuchapa pande mbili, N ni mtandao wa waya, W ni Wi-Fi. HP nao wana mtindo unaofanana kwenye printa zao nyingi za leza. Kwa hiyo HL-L2370DN haina Wi-Fi, na bado ni printa nzuri kwa nyumba ya simu tupu, mradi waya ufike kwenye ruta. Lakini usizitegemee herufi peke yake, kwani zipo modeli za DW zenye tundu na nyingine zisizo nalo. Geuza printa uangalie mgongoni. Tundu la USB ni dogo, karibu mraba, na pembe zake mbili za juu zimekatwa. La LAN ni pana zaidi na mara nyingi hufunikwa kwa plastiki au kibandiko. Tundu la simu ya mezani kwenye printa zenye faksi linafanana na la LAN ila ni jembamba, na kichwa cha waya wa mtandao hakiingii humo.

Jambo la pili la kuangalia, na kwangu lina uzito uleule, ni kama printa inaelewa uchapishaji usiohitaji draiva. Tafuta maneno AirPrint, Mopria au IPP Everywhere kwenye boksi. AirPrint ilitolewa na Apple mwaka 2010 kwa ajili ya iPhone na iPad. Mopria ilianzishwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, na ndiyo inayofanya simu nyingi za Android zione printa bila kuongezewa programu. Chini ya zote hizi kuna itifaki moja ya wazi (kanuni ambazo vifaa hutumia kuelewana), IPP, isiyomilikiwa na kampuni yoyote. Umuhimu wake unaonekana ukitazama yaliyotokea kwa njia nyingine. Google Cloud Print, huduma ya Google ya kuchapa kupitia intaneti, ilifungwa mwishoni mwa Desemba 2020, na waliokuwa wameitegemea wakabaki na printa nzima ambazo simu hazizifikii. Mwaka 2023 Microsoft nao walitangaza kuanza kuachana hatua kwa hatua na draiva za watengenezaji wa printa kwenye Windows. Printa inayoijua IPP haitazeeka kwa kukosa draiva.

Kasoro ya kundi hili ni kwamba printa za bei ya chini kabisa mara nyingi hazina tundu hilo. Hapo ndipo mtumba wa ofisini unapoingia. Printa za leza za ofisini zimekuwa na mtandao wa waya tangu miaka ya 1990, na mlango wa 9100 (namba ya njia ya mtandao inayopokea kazi za kuchapa) ambao HP waliuzoesha dunia kwa kadi zao za mtandao za JetDirect unaendelea kukubaliwa na Windows hadi leo. Ukipata moja iliyotunzwa, mwambie muuzaji achape ukurasa wa taarifa za printa. Humo mna jumla ya kurasa zilizowahi kuchapwa. Asiyetaka kuuchapa ukurasa huo amekwishakujibu.

2. Printa ya Wi-Fi pekee

Hili ndilo chaguo la wengi, na si baya hata kidogo. Ila hapa duka lina mtego. Modeli mbili zinazofanana kama mapacha hukaa rafu moja, moja ina Wi-Fi na nyingine haina. Epson L3210 ni ya USB tu, L3250 ina Wi-Fi. Canon G2010 haina, G3010 inayo. HP M111a haina, M111w inayo. Anayeokoa kiasi kidogo kwa kuchukua ile ya kwanza atakitumia chote, na zaidi, kutafuta njia ya kuiunganisha na simu.

Kabla ya kulipa, jua ruta yako. Printa nyingi za bei nafuu zinashika masafa ya gigahezi 2.4 tu, si 5. Simu yako inaweza kubaki kwenye 5 bila shida, kwa kuwa ruta inaunganisha pande zote mbili, lakini ukiwa umezima 2.4 kabisa, printa haitaona chochote. Vilevile ruta iliyowekwa kwenye usalama wa WPA3 peke yake huzikataa printa za zamani. Iweke kwenye mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Na kama printa imeingia kwenye mtandao wa wageni, usishangae hakuna anayeiona, maana mitandao hiyo kwa kawaida imetengenezwa makusudi ili vifaa visionane.

Tazama pia kama printa ina skrini, hata ndogo. Isiyo na skrini huunganishwa kwa programu ya simu au kwa kubonyeza kitufe cha WPS (cha kuunganisha bila kuandika nenosiri) kwenye printa na kile cha kwenye ruta, na una dakika mbili tu kati ya bonyezo moja na lingine. Inawezekana, lakini inachosha ikiwa ruta yenu hubadilishwa mara kwa mara.

Baada ya kuiunganisha, ingia kwenye mipangilio ya ruta uitengee printa anwani yake ya kudumu, mathalani 192.168.1.50. Ruta hugawa anwani kwa zamu, na printa ikipewa mpya, kompyuta nyingine huendelea kuitafuta kwenye ile ya zamani. Watu wameuza printa nzima kwa sababu ya hili. Kwenye Windows, kama printa inasema haipatikani kila baada ya siku kadhaa, ifute kisha uiongeze upya kwa kuandika anwani hiyo mwenyewe badala ya kuacha kompyuta iitafute.

Kuhusu wino au tona, nitasema kwa ufupi kwa sababu ni mada ya peke yake. Mnachapa rangi na mnachapa kila wiki: nunua ya matangi ya wino. Mnachapa kwa msimu, kisha printa inakaa mwezi mzima kimya: nunua leza ya nyeusi na nyeupe, kwani tona ni unga, haikauki kama wino kwenye vitundu. Leza ina tabia ya kuvuta umeme mwingi kwa ghafla inapopasha moto, mamia ya wati, kwa hiyo usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Jihadhari pia na printa za bei ya kutupa ambazo boksi lake linasema, kwa maandishi madogo, kwamba lazima ziwe kwenye intaneti muda wote na zitumie katriji za mtengenezaji tu. Intaneti ikikatika, printa ya nyumbani haina sababu ya kugoma.

3. Printa ya zamani ya USB na kompyuta ndogo pembeni yake

Kama printa mnayo tayari na inachapa safi, msiitupe. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi Zero 2 W, yenye Wi-Fi ndani yake, ukiiwekea programu ya bure iitwayo CUPS itaifanya printa ya USB ionekane kwenye mtandao kama ya kisasa, hata kwa iPhone. CUPS si ya kubahatisha. Imekuwepo tangu 1999 na ndiyo inayochapa ndani ya macOS na Linux.

Mtego ni draiva. Watengenezaji wengi hutoa draiva za Linux kwa ajili ya kompyuta za Intel na AMD tu, na Raspberry Pi inatumia prosesa ya ARM, hivyo draiva hizo hazifungui. Printa nyingi za HP zinashikwa na draiva za HPLIP, leza nyingi za Brother zinashikwa na draiva huria ya brlaser. Hakikisha modeli yako imo kwenye orodha kabla ya kununua chochote. Mkumbuke na kiunganishi cha USB, kwa sababu tundu la Zero ni dogo kuliko kichwa cha waya wa printa. Nimeliweka la tatu kwa sababu linahitaji mtu mmoja nyumbani anayefurahia kucheza na mambo haya. Kama hayupo, rukeni.

4. Tundu la USB la ruta

Litumieni kama lipo, msinunue ruta kwa ajili yake. Ruta nyingi zina tundu la USB linalosoma fleshi tu, na kuchapa ni habari nyingine kabisa. Hata zinazochapa, baadhi hutaka programu maalumu kwenye kila kompyuta, simu zikaachwa nje. Kuskani, mara nyingi, sahau.

5. Kushiriki kupitia kompyuta

Ni bure, na ndiyo sifa yake. Kwenye nyumba yenye kompyuta ya mezani inayowaka mchana kutwa inatosha kabisa. Weka mtandao uwe wa binafsi kwenye Windows, washa ushiriki wa printa, zima kulala kwa kompyuta. Ila tangu ulipogunduliwa udhaifu wa kiusalama uitwao PrintNightmare mwaka 2021, Windows hudai nenosiri la msimamizi kabla ya kuchukua draiva kutoka kwenye kompyuta nyingine. Mtoto akikwambia kompyuta yake "inaomba password", ndiyo hiyo. Simu nazo kwa kawaida hazifaidiki na njia hii.

Ya kuachana nayo

Visanduku vidogo vya bei rahisi vinavyodai kugeuza printa yoyote ya USB kuwa ya Wi-Fi. Neno "yoyote" ndilo tatizo. Printa nyingi za bei ya chini huiachia kompyuta kazi ya kuandaa ukurasa, na kisanduku hakiwezi kuifanya kazi hiyo. Kuskani hakupo kwenye vingi, na masasisho ya programu usiyatarajie.

Wi-Fi Direct sijaipa nafasi, kwa kuwa si kushiriki. Printa inatengeneza mtandao wake wenyewe, simu inaingia humo, na mara nyingi simu hiyo haina intaneti hadi itoke. Inafaa mgeni anayetaka kuchapa tiketi yake bila kupewa nenosiri la nyumba. Na yeyote atakayekushauri ufungue mlango wa printa kwenye ruta ili uprinti ukiwa safarini, mkatalie. Printa iliyo wazi kwa intaneti nzima itachapa chochote kitakachotumwa na yeyote.

Ukifika nayo nyumbani, ijaribu wakati muda wa kuirudisha dukani bado upo. Chapa kutoka simu ya kila mmoja, si yako tu. Skani ukurasa kwenda kwenye simu. Kisha zima ruta, iwashe, subiri dakika tano, uchape tena bila kuigusa printa. Ikitaka iunganishwe upya na umekwisha kuitengea anwani, rudisha.