Kupimwa kingamwili za korona kazini: huduma ya maabara moja ya Ngamiani, Tanga

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Mwajiri wetu aliita maabara binafsi ya Ngamiani itupime watumishi wote kingamwili za korona, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kwenye damu dhidi ya kirusi, ijulikane ugonjwa ulipita wapi ndani ya hospitali. Wenzangu wa hospitali nyingine wananiuliza kama huduma ile inafaa kulipiwa. Inafaa, ila yapo ya kudai kabla hamjanyoosha kidole.

Niwape kwanza haki yao. Walifika kabla ya makabidhiano ya zamu, kwa hiyo waliokesha na walioingia asubuhi wote walipatikana. Kijana aliyenipima alifuta kidole kwa spiriti, akasubiri kikauke, akachoma pembeni ya ncha, si katikati panapouma zaidi. Tone la kwanza alilifuta. La pili akalivuta kwa kimrija hadi kwenye kitundu cha kipimo, akadondoshea dawa yake, akatazama saa. Alisoma dakika 15 zilipotimia, na kipimo kilichopitiliza muda alikitupa akarudia, maana mstari unaochelewa kujitokeza hauaminiki. Kazi safi kabisa.

Lililoniudhi ni majibu. Kipimo cha siku ile kilitafuta kingamwili dhidi ya protini ya miiba iliyo juu ya kirusi. Wengi wetu tulishachanjwa Janssen, iliyoanza kutolewa nchini Julai 2021, na chanjo hiyo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili hizo hizo. Tukawa chanya karibu wote, na karatasi zikaandikwa "ameshaambukizwa". Mama mmoja wa usafi alinijia na yake mkononi, anatetemeka: "Sista, ina maana nimewapelekea wajukuu?" Nikamketisha kwenye benchi. "Mama, hiki hakisemi kama unaumwa leo. Kinasema mwili wako unakijua kirusi, na huenda ni chanjo tu." Majibu ya namna hii hayagawiwi kwa karatasi tupu bila mtu wa kuyafafanua. Haifai hata kidogo.

Nililifikisha kwa metroni, naye akawabana. Nawapongeza kwamba walirudi bila kutoza tena, wakachukua damu ya mshipani na kupima kingamwili za protini N, iliyo ndani ya kirusi. Janssen haina protini hiyo, kwa hiyo chanya hapo inaonyesha maambukizi yenyewe. Waliochanjwa Sinopharm walitengwa kwenye hesabu, kwani chanjo hiyo ni kirusi kizima kilichouawa, nayo huleta kingamwili za N vilevile. Hapo ndipo tulipoona kitu: chanya walijaa upande wa dobi na kwa wasafishaji kuliko kwetu wauguzi. Barakoa bora tulikuwa tunapewa sisi, na mashuka yetu wanayashika wao. Liliniuma sana. Dobi sasa wanapata barakoa sawa na sisi, na kwangu hilo peke yake limelipa gharama yote.

Utafiti wa majirani zetu Kenya mwishoni mwa 2020 uliwakuta watumishi wa afya wenye kingamwili Nairobi takriban asilimia 44, na Kilifi kama 12 tu. Usipopima mahali pako utabaki kukisia.

Upungufu mkubwa uliobaki ni kwamba maabara haikuweka mpango wa kurudia. Kingamwili za N hufifia kadiri miezi inavyopita, hivyo aliye hasi leo huenda aliugua mwaka jana. Uingereza, katika utafiti wa SIREN, watumishi wa hospitali walipimwa tena na tena, ndiyo maana ilijulikana nani ameambukizwa upya. Kupima mara moja si kufuatilia.

Mnaotaka kuwaita, ulizeni kipimo kinatafuta protini gani, wapeni orodha ya nani alichanjwa chanjo ipi, na mkubaliane tarehe ya kurudi kabla ya kulipa. Wa dobi, walinzi na wa jikoni waanze kupimwa, madaktari wafuate.